NDWELE ISIYOTAJWA HAIGANGWI



Kila siku ya kazi Wakenya hupanga foleni katika jumba la Nyayo, pale Nairobi ambapo Kenyatta Avenue hukutana na Uhuru Highway. Wengi ni vijana wanaotafuta paspoti ili waende kuuza jasho lao ng'ambo. Chini ya jumba hilo mna vyumba ambamo, katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wakenya wenzao walifungiwa uchi gizani, wakasimamishwa ndani ya maji siku baada ya siku, wakapigwa na kunyimwa chakula hadi wakubali makosa wasiyoyatenda. Walipotolewa, wengi walifikishwa kortini jioni, bila wakili, wakakiri mashtaka na kufungwa gerezani kwa dakika chache tu. Je, ni wangapi katika foleni ile wanaojua wamesimama juu ya nini?

Kila tunapouliza swali hili, wakubwa hutujibu kwa methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Methali hiyo ni njema mahali pake. Wazee wetu waliitumia kuwapatanisha ndugu waliogombana, baada ya kila mmoja kusema lake mbele ya baraza na mkosaji kukiri kosa. Hawakuitumia kumziba kinywa aliyepigwa hata kabla hajaonyesha majeraha yake. Methali ya wazee imetekwa nyara na watu ambao wana sababu zao za kuogopa jana. Nami nauliza: ni mganga gani anayeweza kuganga yajayo bila kumwuliza mgonjwa alianza kuugua lini, alikula nini, na nani alimpa?

Hoja yangu leo ni moja, na nitaisema bila kuzunguka. Historia ya kupigania haki za raia ni mali ya umma. Ni mali ya umma kama Uhuru Park, ambayo mwaka wa 1989 ilinuiwa kujengwa jumba la orofa 60 hadi Wangari Maathai na wenzake wakasimama kidete. Ni mali ya umma kama msitu wa Karura. Faili, madaftari ya korti, kumbukumbu za Bunge, ripoti za tume, vyumba vya mateso na viwanja tulivyopigiwa rungu, vyote hivyo ni vyetu. Anayevifungia kabatini ni mnyakuzi, na hana tofauti na yule anayezungushia ua kiwanja cha shule.

TULIPOTEZA HAKI KIFUNGU KWA KIFUNGU

Kwa nini wakili ajisumbue na historia? Kwa sababu hatukupoteza haki zetu kwa siku moja wala kwa mtutu wa bunduki peke yake. Tulizipoteza Bungeni, kifungu kwa kifungu, kwa utaratibu mzuri wa kisheria. Juni 1982 kifungu cha 2A kiliingizwa katika katiba, nchi ikawa ya chama kimoja kwa amri ya sheria. Mwaka wa 1986 Mkuu wa Sheria na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu waliondolewa ulinzi wa kazi zao. Mwaka wa 1988 ikawa zamu ya majaji, na polisi nao wakapewa uwezo wa kumshikilia kwa siku 14 mtu anayeshukiwa kwa kosa la kunyongwa. Mwaka huo huo tulipiga kura kwa mlolongo, tukasimama nyuma ya picha za wagombea mchana kweupe, na mlolongo mfupi ukatangazwa kuwa mrefu.

Mwananchi asiyeijua njia hiyo atamtambuaje mwizi akirudi kwa njia ile ile? Atamfungulia mlango, amkaribishe chai, na kumwita mheshimiwa.

Nayo njia ya kurudisha haki ina historia yake. Siku ya kwanza ya Januari 1990 Mchungaji Timothy Njoya alihubiri kwamba yaliyotokea Ulaya ya Mashariki yangefika Afrika. Askofu Henry Okullu akataka vyama vingi viruhusiwe. Julai 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia waliwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, na tarehe 7 wananchi wakaenda Kamukunji hata hivyo. Ndiyo Saba Saba. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa. Tarehe 28 Februari 1992 kina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza kukaa na kufunga kula katika Uhuru Park, pale panapoitwa sasa Freedom Corner. Polisi walipowavamia Machi 3, waliwekwa salama katika chumba cha chini cha Kanisa Kuu la All Saints, na humo wakakesha muda wa karibu mwaka mmoja, hadi wana wao wengi wakafunguliwa. Kanisa lile lile ndilo polisi waliloingia kwa rungu na gesi ya kutoa machozi Julai 7, 1997, waumini na wapenda mageuzi wakiwa ndani.

Haya si masimulizi ya kupitishia wakati. Kila kura anayopiga kijana wa leo ilinunuliwa hapo. Lakini risiti iko wapi?

FAILI ILILIWA NA MCHWA

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi kina mama wale walipokuwa All Saints. Niliyajua hayo nikiwa mtu mzima, na sehemu kubwa niliifahamu si darasani bali kwa kusimuliwa.

Miaka michache iliyopita mama mmoja mzee, mjane, alikuja ofisini kwangu. Mumewe alifungwa kwa uchochezi katika miaka ya 1980, akatoka gerezani akiwa mgonjwa, akafariki. Mama hakutaka pesa. Alitaka karatasi. Wajukuu wake walikuwa wameambiwa shuleni kwamba babu yao alikuwa mhalifu, naye alitaka kuwaonyesha shtaka lilisema nini hasa na liliamuliwa kwa muda gani. Tuliandamana hadi ofisi moja ya umma. Karani alitutuma dirisha la pili, la pili likatutuma la tatu, na la tatu likatuambia kwamba faili za miaka hiyo zililiwa na mchwa. Mama alicheka kidogo, akaniambia: "Mwanangu, mchwa wa serikali wanajua kusoma. Hati za mashamba ya wakubwa hawazili."

Sikuwa na jibu. Sijalipata hadi leo.

WENGINE WALIFUNGUA, NA MBINGU HAZIKUANGUKA

Wanaopinga husema kufungua faili za zamani kutaleta vurugu. Tuutazame ushahidi, kama tufanyavyo kortini.

Mwaka wa 1956, miaka miwili baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe shuleni kunavunja katiba, Jimbo la Mississippi liliunda tume ya serikali ya kulinda ubaguzi huo. Tume hiyo, kwa pesa za walipa kodi weusi kwa weupe, iliajiri askari kanzu, ikalipa wasaliti, na kuandika majina ya walimu, wahubiri na wanafunzi waliothubutu kuwasaidia wenzao kujiandikisha kama wapiga kura. Mwaka wa 1977 Bunge la jimbo liliivunja, kisha likaamuru faili zake zifungwe kwa miaka 50, hadi 2027. Yaliyopita si ndwele, hata huko!

Watetezi wa haki walienda kortini mwaka huo huo wa 1977. Serikali ikaivuta kesi kwa miaka 21. Machi 1998 faili zikafunguliwa, zaidi ya kurasa 130,000, na baadaye zikawekwa kwenye intaneti ili hata mjukuu wa aliyepelelezwa azisome nyumbani kwake.

Matunda yake ni yapi? Mtazameni Medgar Evers, katibu wa chama cha NAACP katika jimbo hilo, mtu aliyeustahi mno upiganiaji uhuru wa Kenya hata akampa mwanawe wa kwanza jina la Kenyatta. Alipigwa risasi mbele ya nyumba yake mjini Jackson tarehe 12 Juni 1963. Mshtakiwa, Byron De La Beckwith, alihukumiwa mara mbili mwaka wa 1964 mbele ya raia kumi na wawili, wote wanaume weupe, na mara zote mbili hawakuafikiana. Mwaka wa 1989 baadhi ya faili za siri zilimfikia mwandishi wa habari, zikafichua kwamba tume ile ya serikali ilikuwa imewasaidia mawakili wa mshtakiwa kuwachunguza watu ambao wangeteuliwa kuamua kesi. Kesi ikafufuliwa. Mwaka wa 1994 De La Beckwith, akiwa na miaka 73, alipatikana na hatia ya kuua na kufungwa maisha. Alifia kifungoni mwaka wa 2001. Miaka 30 ya uongo ilianza kuporomoka kwa sababu ya karatasi!

Na jimbo lile lile, lililolipa wapelelezi, mwaka wa 2017 lilifungua makumbusho ya haki za raia mjini Jackson kwa pesa za umma. Mississippi haikuchomeka. Bado ina dhambi zake, lakini watoto wake hawawezi tena kuambiwa kwamba hayo hayakutokea.

Msiniambie kwamba Marekani ni mbali. Mwaka wa 1960 Tom Mboya alimwalika Thurgood Marshall, wakili yule yule aliyeshinda kesi ya shule, awe mshauri wa wajumbe wa Kiafrika katika mkutano wa Lancaster House, London. Marshall aliwaandikia rasimu ya haki za kimsingi za Kenya. Leo Mboya ana sanamu katika Moi Avenue, karibu na mahali alipouawa mwaka wa 1969, na hatua chache kutoka jumba la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa. Sanamu wanaipiga picha. Ni wangapi huvuka barabara wakaingia mle ndani kusoma?

Ushahidi wa pili ni wa kwetu. Kwa miaka mingi Uingereza ilikana kuwajibika kwa mateso ya kambi za miaka ya 1950. Wazee wa Mau Mau walipoishtaki mjini London, ilibidi mwaka wa 2011 ikiri kwamba ilikuwa imeficha shehena ya faili za makoloni katika ghala la Hanslope Park. Faili zilizohamishwa kisiri kabla ya bendera yetu kupandishwa ndizo zilizowapa wazee nguvu. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitamka majuto Bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Wazee hawakushinda kwa kulia. Walishinda kwa sababu karatasi ilipatikana na wao walikuwa hai kuielezea.

Na aibu ni yetu pia. Marufuku ambayo mkoloni aliiwekea Mau Mau mwaka wa 1950 ilidumu katika sheria za Kenya huru hadi 2003. Miaka 40 tuliwaimbia mashujaa sikukuu ya Jamhuri, na muda wote huo chama chao kilikuwa haramu kisheria!

NYUMBANI TUMEFANYA NINI?

Mwanzoni mwa 2003, serikali mpya ilifungua milango ya vyumba vya Nyayo, wananchi wakashuka wakaona. Ilitolewa ahadi ya kuvigeuza makumbusho. Miongo miwili ilipita na ahadi ikabaki ahadi. Mwaka wa 2010 Mahakama Kuu iliwapa fidia walalamishi 21 walioteswa mle. Basi hata korti imekiri kwamba mateso yalikuwako. Lililobaki kufichwa ni nini, ila aibu ya waliotesa?

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikusanya taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kwa Wakenya. Hebu fikirini hesabu hiyo. Ni bibi aliyepanda matatu na kusimama mbele ya wageni kueleza yaliyompata, mara 40,000. Ripoti ikakabidhiwa Mei 21, 2013. Mwaka huo huo Bunge likaibadilisha sheria ili ripoti isitekelezwe kabla Bunge lenyewe kuijadili, kisha ikakaa Bungeni mwaka baada ya mwaka bila kupitishwa. Machi 2015 Rais wa wakati huo aliomba radhi kwa niaba ya serikali na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Radhi tuliisikia. Pesa wengi wao waliingoja hadi wakazikwa.

Tazameni Wagalla, Wajir, Februari 1984. Mwaka wa 2000 serikali ilikubali kwamba watu 380 walikufa. Tume ikasema ni karibu 1,000. Baina ya hesabu hizo mbili kuna mamia ya binadamu, wana wa watu, wasiojulikana hata kama walikufa. Faili ikifungwa, maiti hugeuka kuwa ubishi.

Tena wasituambie hayo ni ya kale. Desemba 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilitangaza kwamba imepokea habari za visa 82 vya watu kutekwa nyara tangu maandamano ya Juni mwaka huo. Gari lisilo na nambari halali, watu wasio na sare, mtu apotee, na wakubwa waseme hawajui. Mzee aliyepita Nyayo House akiyasikia haya haulizi kitu, kwa maana anaujua wimbo na anaujua kiitikio. Waliotenda ya 1986 hawakuandikwa popote panapoonekana, na waliofuata wakajifunza kwamba hapa nchini ukatili hauna kumbukumbu.

NAWAJIBU WANAOPINGA

Wanasema: mtachochea chuki za kikabila. Si kweli. Chuki hulelewa na uvumi, na uvumi hustawi pale karatasi inapofichwa. Faili ikiwa wazi, itaonyesha kwamba waliotesa walitoka kila kabila, na walioteswa pia.

Wanasema: nchi ni maskini, makumbusho ni anasa. Vyumba vya Nyayo vimekwisha jengwa, tena kwa kodi yetu. Tunachoomba ni ufunguo.

Wanasema: mtatonesha vidonda. Basi waulizeni wenye vidonda. Mjane wangu hakusema kwamba karatasi ingemwumiza. Kilichomwumiza ni dirisha la tatu.

Nasi wa makanisa tusijione watakatifu. Wapo maaskofu waliosimama imara, lakini wapo pia wachungaji waliousifu utawala wa mabavu kutoka mimbarini. Baraza la Kitaifa la Makanisa lilikuwa na gazeti lake, Beyond, lililopigwa marufuku mwaka wa 1988 baada ya kuandika juu ya wizi wa kura za mlolongo. Parokia ngapi zimehifadhi nakala zake? Barua za maaskofu, daftari za waliolala kanisani wakikimbia mapigano ya 1992, picha na kumbukumbu za vikao viko wapi? Nyingi zimo katika masanduku yanayovujiwa na mvua. Tusiwashtaki mchwa wa serikali tukiwafuga wetu wenyewe. Waisraeli walipovuka Yordani, Yoshua aliagiza yachukuliwe mawe kumi na mawili kutoka mtoni yawe ukumbusho, ili watoto wakiuliza maana yake waelezwe. Hakuagiza mawe yafichwe.

LA KUFANYA

Kwanza, tumieni sheria iliyopo. Kifungu cha 35 cha katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya 2016 inaitaka ofisi ijibu katika siku 21, na katika saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu umo hatarini. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika aseme kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kumsaidia. Mkinyimwa, pelekeni lalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile wengi waiitayo ofisi ya Ombudsman. Kila kikundi cha haki na amani parokiani kiandike ombi moja, kwa tarehe na kwa nakala. Karani anaweza kumcheka mjane mmoja. Hawezi kuyacheka maombi elfu.

Pili, nendeni mabunge ya kaunti. Katiba imezipa kaunti kazi ya maktaba na makumbusho, na imewaagiza wahusishe wananchi. Siku ya kujadili bajeti msikae nyuma mkingoja soda. Ulizeni: kaunti hii ina chumba gani cha kuhifadhi kumbukumbu za watu wake?

Tatu, kila raia ana haki chini ya kifungu cha 119 kuliandikia Bunge ombi. Tuliandikie, kutoka kila dayosisi, kwamba ripoti ya Tume ya Ukweli ijadiliwe hadharani na vyumba vya Nyayo vikabidhiwe umma.

Nne, na hili halingoji serikali: wazee wetu wanakufa. Waliokwenda Kamukunji mwaka wa 1990 wakiwa na miaka 40 sasa wamepita 70. Vijana wenye simu wakae nao baada ya ibada, warekodi, waandike jina, mahali na mwaka, wapige picha barua na kadi za zamani. Nakala moja ibaki kwa familia, moja kanisani, moja ipelekwe Hifadhi ya Nyaraka. Kitu kilichowekwa mahali patatu hakiliwi na mchwa wote kwa usiku mmoja.

Wapenda mageuzi, tulipoambiwa nchi haiwezi kuwa na vyama vingi, tulikataa. Tulipoambiwa katiba haiwezi kubadilishwa bila idhini ya wakubwa, tulikataa, ikabadilishwa. Sasa tunaambiwa tusahau. Tukataeni hili pia, kwa amani na kwa sheria, tukiwa na kalamu mkononi.

Nami wiki hii nitarudi na yule mama katika ofisi ile, dirisha la kwanza, tukiwa na ombi lililoandikwa kwa Kiswahili. Tutahesabu siku 21.